Jasho, Shabu na Baibui la Mwanafunzi Wangu



Mwezi huu nimeazimia kusema juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona wala hawalitaji wazi, nalo ni jasho la kwapani na harufu yake, na khabari ya kuziacha zile dawa za dukani zizuiazo jasho na kushika zile ziitwazo za asili. Najua wako watakaosema, "Mwalimu ameishiwa na maneno, sasa amefika kwapani." Naam, nimefika huko, na kilichonifikisha ni kosa langu mwenyewe. Nitalieleza kosa hilo kwanza, asije mtu akadhani kuwa nimepanda mimbari kuwaonya wengine.

Katika kaskazi iliyopita darasa langu la baada ya Alasiri lilikuwa limejaa wanafunzi wakubwa, wavulana upande wa dirisha na wasichana upande wa ukuta. Chumba chetu ni kidogo, bati liko chini, na panka letu moja lilikuwa limeharibika. Ikazuka harufu. Haikuwa harufu ya watu wote, bali ilitoka upande mmoja, na vijana wakaanza kuziba pua na kukonyezana. Mimi nikaona busara, na ole wangu kwa busara hiyo, kusomesha siku ile juu ya kitunguu thaumu na msikiti. Nikaeleza kwa urefu jinsi Mtume wetu (s.a.w.) alivyomkataza mwenye kula vitu hivyo asiukaribie msikiti kwa ajili ya kuwaudhi wenziwe na malaika, na huku nasema, macho yangu yakaenda upande wa ukuta. Sikumtaja mtu. Lakini mtu hatajwi kwa jina peke yake.

Siku ya pili msichana mmoja hakuja, wala ya tatu hakuja. Wiki tatu zikapita. Naye alikuwa amebakisha juzuu nne tu akhitimu.

Mama yake alikuja nyumbani kwetu, si kwangu bali kwa mke wangu, maana mambo haya ni ya wanawake kwa wanawake. Mke wangu akamsikiliza mpaka magharibi ikaingia, kisha usiku akanieleza yale yaliyofaa kunieleza. Binti yule alikuwa akitumia dawa ya kwapa kama wenziwe wote, ile ya kichupa chenye kijipira juu, ambayo vijana huiita roloni. Mwaka mmoja kabla ya hapo mama yake mdogo alifariki kwa saratani ya titi. Maiti alikoshwa nyumbani kwao, na binti alikuwako. Halafu, huzuni haijapoa, ukamfikia katika simu ujumbe ulioandikwa kwa herufi kubwa kwamba dawa hizo ndizo ziletazo saratani hiyo, kwa kuwa huzuia sumu isitoke kwapani. Usiku uleule alikitupa kichupa chake, akakitupa na cha mama yake pia. Kisha akajaribu kila alichoambiwa na wenziwe: leo ndimu, kesho soda ya maandazi, keshokutwa vyote viwili pamoja, hata ngozi ikababuka na mkono ukawa haushuki.

Basi yule niliyemsomesha somo la kitunguu thaumu hakuwa mchafu hata kidogo. Alikuwa akiogopa kufa. Na mimi nikamwongezea aibu juu ya khofu.

Nina mpwa wangu ambaye ni mfamasia. Nilimwita, nikamwambia, "Mwanangu, nami nisomeshe leo, kama nilivyokusomesha wewe alifu kwa ujiti." Akacheka, akasema, "Mjomba, usinitie aibu," lakini aliketi, na haya mengi nitakayoyasema ni yake.

Katika ngozi ya mwanadamu mna tezi za jasho za namna mbili. Za kwanza zimeenea mwili mzima, na hesabu yake ni kati ya milioni 2 na milioni 4. Jasho lake ni maji na chumvi kidogo, na kazi yake ni kuupoza mwili. Za pili ziko kwapani na kinenani, nazo hulala tangu utotoni mpaka mtu anapobalighi. Zikiamka hutoa jasho zito zaidi, lenye mafuta. Ndiyo sababu mtoto wa miaka saba hukimbia juani mchana kutwa wala asinuke kikwapa, na kaka yake wa miaka kumi na mitano akipanda ngazi tu huja na khabari yake. Na ajabu ni kuwa jasho hilo lenyewe, wakati litokapo, karibu halina harufu. Vijidudu viitwavyo bakteria, ambavyo huishi juu ya ngozi ya kila mtu, msafi na asiye msafi, hulila jasho lile na kulivunjavunja, na mabaki ya karamu hiyo ndiyo yanukayo.

Hapo ndipo dawa zinapogawanyika, na watu wengi, hata wauzao, huzichanganya. Iko dawa ya kuondoa harufu, nayo hupambana na vile vijidudu au huifunika harufu kwa manukato, na jasho huliacha litoke kama kawaida. Na iko dawa ya kuzuia jasho, ambayo ndani yake mna chumvi za madini ya alumini. Chumvi hizo zikikutana na jasho hugeuka kuwa kama utomvu mzito, zikaziba mdomo wa kile kijitundu cha jasho. Kizibo hicho si cha milele. Baada ya muda ngozi hujitupa na kizibo huondoka nayo. Wala haizuii yote. Kwa sharia za Marekani, dawa hupata ruhusa ya kuitwa mzuia jasho ikipunguza jasho kwa asilimia 20, na ile ijisifuyo kuwa ni kali zaidi hutakiwa ifike asilimia 30. Basi anayedhani kuwa ukiipaka hiyo mwili hukauka kama mchanga, ameamini picha ya tangazo.

Kwa kuwa nimetaja tangazo, nitawapeleka mbali kidogo, kwani khabari hii ilinishangaza. Dawa ya kwanza ya kuondoa harufu ya kwapa iliyosajiliwa jina ilitoka mji wa Philadelphia, Marekani, mwaka 1888, na jina lake ni Mum. Ya kuzuia jasho, iliyoitwa Everdry, ilifuata mwaka 1903. Watu hawakuzijali. Wakati huo mtu alikuwa akioga na kujitia manukato, basi. Kisha akatokea msichana wa Cincinnati, Edna Murphey, ambaye baba yake alikuwa daktari na alikuwa ametengeneza maji ya kuikausha mikono yake wakati wa kupasua wagonjwa. Binti akajaribu maji yale kwapani, akayaita Odorono, na katika mwaka 1912 akayauza katika maonyesho ya Atlantic City wakati wa joto. Hata hivyo mauzo hayakufika mbali mpaka alipoajiriwa mwandishi wa matangazo, James Webb Young. Huyu mwaka 1919 aliandika tangazo katika gazeti la wanawake, Ladies' Home Journal, akawadokeza wasomaji kwamba huenda mwanamke ananuka kwapa wala hajui, na rafiki zake wanaona haya kumwambia. Wasomaji wapatao 200 walikasirika wakaacha kulinunua gazeti. Lakini mwaka uliofuata mauzo ya maji yale yalipanda zaidi ya maradufu.

Nilipoisikia hiyo nilinyamaza kitambo. Mtu yule alilipwa mshahara kwa kuwatia watu aibu ya miili yao, na mimi kazi hiyohiyo niliifanya bure, tena kwa kutumia maneno matukufu.

Sasa turudi kwenye khofu ya binti, maana hiyo ndiyo kubwa. Uvumi wa saratani si mgeni. Ulianza kuzunguka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa barua za kompyuta, nao ni uleule hata leo, nguo tu imebadilishwa. Husema kuwa jasho la kwapani hutoa sumu mwilini, na likizuiwa sumu hukaa katika matezi ya kwapa na kuzaa saratani. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, kazi ya kutoa sumu Mwenyezi Mungu ameipa ini na figo. Jasho ni maji ya kupoza tu. Na mtu aliyezibwa kwapani hutoka jasho mgongoni, kifuani na usoni kama kawaida." Mwaka 2002 wataalamu wa Seattle walitoa matokeo ya utafiti ambao ndani yake waliwauliza wanawake 813 waliopatwa na saratani ya titi na wengine 793 wasiopatwa nayo juu ya dawa walizotumia kwapani na kunyoa kwao. Hawakuona kuwa watumiaji wa dawa hizo walikuwa katika khatari zaidi. Mwaka 2001 wengine walipima ni kiasi gani cha alumini kinapenya ngozini baada ya kupaka mara moja, wakapata asilimia 0.012. Mimi nikauliza waliopimwa walikuwa wangapi, nikaambiwa wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Hao ni wachache kwa hakika, na ni vizuri kulisema hilo. Lakini mwaka 2020 kamati ya wataalamu wa Ulaya iliyapitia majaribio mengine mapya na makubwa kuliko hilo, ikasema kuwa kwa kiasi kinachotiwa katika dawa hizo, alumini si khatari.

Walakini wako wawili ambao neno hili lina mpaka kwao. Wa kwanza ni mgonjwa wa figo, kwa kuwa figo ndiyo iitoayo alumini mwilini. Huko Marekani huandikwa juu ya kichupa kwamba mwenye maradhi ya figo amwulize daktari kwanza, na kwetu pia afanye hivyo ijapokuwa hapakuandikwa kitu. Wa pili ni mwanamke anayekwenda kupigwa picha ya eksirei ya matiti. Siku hiyo asipake kitu chochote kwapani wala kifuani, maana chembechembe za dawa huonekana katika picha kama vidoa vyeupe, na daktari huweza kuvidhania ugonjwa.

Na marehemu mama mdogo? Mke wangu alimwuliza mama yake binti kwa upole, na jibu lilikuwa hili: marehemu alikuwa ameshika uvimbe katika titi lake kwa mkono wake mwenyewe, akauficha karibu mwaka mzima kwa haya, akanywa mizizi, na alipopelekwa hospitali ilikuwa usiku umeshaingia. Wala hakuwahi kutumia roloni maishani mwake. Alikuwa mtu wa udi na vikuba vya asumini tu. Enyi wanawake, na enyi waume zao, uvimbe wa titi au wa kwapani usiouma ndio wa kukimbiliwa zaidi. Uonyesheni kwa daktari wiki ileile. Kama kuna jambo moja ambalo ujumbe ule wa simu ungepaswa kulisema, ni hilo, na haukulisema.

Hata hivyo, mtu anayo ruhusa ya kuacha dawa ya kuzuia jasho bila ya kuwa na khofu yoyote. Wako inaowawasha. Wako wanaoona ni gharama kila mwezi. Na wanaume wenzangu wanaivaa kanzu nyeupe wanaijua ile manjano ngumu ya kwapani ambayo hata ikisuguliwa haitoki. Hiyo hutokana na jasho kuchanganyika na alumini ya dawa. Mimi mwenyewe niliacha kwa ajili ya kanzu. Basi anayetaka kuacha na aache, ila ajue litakalompata.

Litakalompata ni kwamba siku za kwanza atanuka zaidi kuliko alivyokuwa akitazamia. Wauzaji wa dawa za asili husema kuwa huo ni mwili unaojisafisha sumu, na hayo ni maneno ya biashara. Sababu yake ni nyepesi: vizibo vimeondoka, jasho limerudi, na vijidudu ambavyo vilikuwa vimekosa chakula vimepata karamu. Mwaka 2016 palichapishwa utafiti wa watu 17 waliofuatwa kwa siku 8. Wale wa dawa za kuzuia jasho, walipoacha kuzitumia, vijidudu vyao vya kwapani viliongezeka, na aina zake hazikuwa sawa na za wale wasiotumia kitu. Kwa hiyo subira yatakikana, na wengi huhitaji wiki mbili hata nne kabla hawajazoea. Afadhali mtu aanze katika likizo au katika miezi ya kipupwe, asianze wiki ya mtihani wala wiki ya harusi ya dada yake.

Katika wiki hizo dawa kubwa ni maji na sabuni, mara mbili kwa siku, na kujikausha barabara kwa kitambaa safi, maana kwapa lililofungwa bichi ni shamba la vijidudu. Na nywele za kwapani ziondolewe, kwani hushika jasho na vijidudu pamoja. Hapa dini yetu imetangulia zamani. Kunyonyoa kwapa ni katika mambo ya maumbile tuliyofunzwa na Mtume (s.a.w.), na imepokewa kwa Anas kuwa zisiachwe zaidi ya siku arubaini. Anayeona maumivu na anyoe. Imam Shafii mwenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, imepokewa kuwa aliingiliwa na mtu hali kinyozi anamnyoa kwapa, akatoa udhuru kuwa ajua sunna ni kunyonyoa lakini haimudu ile kalamu ya maumivu yake. Hilo hunifurahisha kila ninapolisoma.

Sasa shabu. Mama yake binti alikuwa ameuziwa, kwa bei ya kukatisha tamaa, jiwe jeupe linaloangaza ndani ya kisanduku kizuri, limeandikwa kuwa ni la asili. Muuzaji akamhakikishia kuwa halina alumini. Mke wangu alipolitia maji na kulisugua, akaliramba kwa ncha ya ulimi, akasema, "Dada yangu, hii ni shabu." Nayo ilikuwa shabu kweli, ileile iuzwayo sokoni kwa wauza dawa na viungo, ileile ambayo vinyozi wetu huwapaka watu kidevuni wakishawakata. Babu zetu waliitumia kwapani kabla ya viwanda. Na jambo la kuchekesha ni kuwa shabu nayo ni chumvi ya alumini! Mpwa wangu alituandikia jina lake la kikemia, na alumini imo ndani yake wazi. Haina namna ile ya alumini iliyomo katika roloni, wala haizibi vijitundu kama ile, bali hukaza ngozi na kuwazuia vijidudu wasistawi. Ni kitu kizuri na rahisi. Lakini anayekimbia alumini akaikimbilia shabu, amekimbia mvua akaingia kisimani. Haya nimeyasema kwa ajili ya ukweli tu, si kwa kuiharamisha. Mimi naitumia kila siku. Namna ya kuitumia ni kuoga, kulilowesha jiwe, kulipitisha kwapani mara tatu nne, na kuacha pakauke kabla ya kuvaa. Penye mchubuko huwasha.

Soda ya maandazi ndiyo iliyomwumiza binti. Ngozi ya mtu ina uchachu kidogo, na katika kipimo cha wakemia iko karibu na 5, na soda hiyo ni zaidi ya 8. Wako wanaoivumilia, hasa ikichanganywa kidogo mno na unga wa muhogo au wa mahindi na mafuta ya nazi. Na wako inaowababua, khasa wakiisugua kavu au baada ya kunyoa. Ukiona wekundu, acha siku hiyohiyo. Na nawaomba kina mama wasije wakaitwaa magadi kwa kudhani ni kitu kimoja, kwani magadi ni makali zaidi kwa mbali. Ndimu nayo, ambayo kila bibi huisifu, hutakata harufu kwa saa chache kwa kuwa ni chachu, lakini ikipigwa na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha madoa meusi ambayo hukaa miezi. Na kupaka ndimu juu ya ngozi iliyokwisha babuliwa na soda, hilo mtu halihitaji mfamasia kumweleza.

Ziko pia dawa za asili za kupaka zitokazo Ulaya, ngumu kama mshumaa. Mtu mmoja aliletewa na ndugu yake, akaiacha ndani ya mkoba, na adhuhuri mkoba mzima ulikuwa umelowa mafuta. Ndani yake kulikuwa na mafuta ya nazi, nayo huyeyuka joto likifika kama digrii 24. Kwao ni jiwe, kwetu ni mchuzi.

Haya yote tuliyafanya. Ngozi ya binti ikapona kwa kuachwa ipumzike na kupakwa mafuta matupu, akaanza shabu, akioga asubuhi na jioni, na mke wangu akashuhudia kwamba akitoka kuoga hana harufu yoyote. Lakini akishavaa na kutembea mpaka dukani, hiyo imerudi. Binti akalia. Mama yake akaanza kusema mambo ya hasadi na majicho, na mimi, nakiri, sikuwa na jawabu.

Aliyelipata jawabu ni mke wangu, naye alilipata wakati anapiga pasi. Alikuwa amelichukua baibui la binti kulifua, akalifua kwa sabuni, akalianika, likakauka, likanukia sabuni. Alipolipitisha pasi ya moto kwapani, harufu ikainuka na mvuke kama iliyoitwa kwa jina. Baibui hilo lilikuwa moja tu, la kitambaa cha polista, alilovaa kila siku kwa miaka miwili. Mpwa wangu alipoambiwa akapiga goti lake kwa kiganja. Mwaka 2014, alisema, wataalamu wa Ubelgiji waliwapandisha watu 26 juu ya baiskeli za mazoezi hata wakatota, wakazikusanya fulana zao, wakaona kuwa za polista zilinuka vibaya kuliko za pamba, na vijidudu fulani vinukavyo vilistawi juu ya polista na juu ya pamba havikustawi. Uzi wa namna hiyo haunywi maji, lakini mafuta ya jasho huyashika, na sabuni ya juujuu katika maji baridi haiyatoi yote.

Basi tangu hapo kwa mke wangu nguo hizo hugeuzwa ndani nje, hulowekwa nusu saa katika maji yenye kikombe cha siki, huoshwa kwa sabuni na kusuguliwa kwapani, kisha huanikwa juani palepale kwapa likiwa juu. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya kufanyia nguo nyeupe, kwani hutoa moshi wenye sumu. Na chini ya baibui binti akashonewa shimizi mbili za pamba zenye mikono, abadilishe kila siku. Kanga kuukuu ilitosha. Nimeona tangu hapo kuwa wengi wa wale tunaowaambia waoge, wameshaoga. Nguo ndizo hazijaoga.

Niseme kwa ufupi na mambo ya ibada, maana nimeulizwa. Mafuta mazito na nta zikiganda juu ya ngozi huweza kuyazuia maji, kwa hiyo anayetaka kuoga janaba au hedhi aanze kwa sabuni hata ziondoke, kisha anuie na kuyaeneza maji. Shabu huyeyuka na maji na haina tabu. Kupaka dawa ya kwapa mchana wa Ramadhani hakufunguzi. Mwenye kuhirimia Hija au Umra asitumie kitu chenye manukato, na wengi husahau kuwa roloni nyingi zina manukato. Shabu tupu isiyo na harufu humfaa. Na josho la Ijumaa lina khabari yake: Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa watu walikuwa wakija Ijumaa kutoka vijiji vya juu vya Madina wakiwa na vumbi na jasho la kazi, na Mtume (s.a.w.) akawaelekeza kuwa ni vyema kama wangeoga kwa siku hiyo. Nawaomba walimu wenzangu waitazame namna ya maneno hayo. Mimi sikuitazama mpaka nilipokuwa nimekwisha kosa.

Anayetoka jasho kupita kiasi, likamtiririka hata amekaa kivulini, na aende kwa daktari, kwani huo ni ugonjwa wenye dawa zake. Na anayeamka usiku ametota hali ana homa, kikohozi na kukonda, hayo si ya shabu wala ya roloni. Apimwe kifua upesi.

Nilikwenda nyumbani kwao binti siku ya Alkhamisi baada ya Isha, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Alitazama mkeka. Akasema, "Sikukasirika, Mwalimu. Niliona haya tu." Jumamosi alirudi, akaketi upande uleule wa ukuta. Mpwa wangu alikuwa amemweleza yote juu ya saratani, naye aliyasikia na kuyaelewa, lakini kwenye roloni hakurudi, wala hatukumlazimisha. Mama yake amerudi kwenye kichupa chake, na nyumba moja ina vyote viwili pamoja na lile jiwe la bei kubwa, ambalo wamelivunja vipande wakagawia majirani. Sasa binti amebakisha juzuu moja na nusu. Panka nalo limetengenezwa.

Swali la ndugu yetu juu ya manukato yenye spiriti na sala nimelipokea, nitalijibu mwezi ujao, insha Allah.

Wabillahi tawfiq.